Nilijiita Kocha, Nikamvunja Mguu Mdogo Wangu

Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, kwetu ni Mamba, huku milimani Upareni, wilaya ya Same. Ukifika kijijini ukauliza yule mtoto mwenye mdomo anakaa wapi, hata kuku watakuonyesha njia. Nimewahi kuchekesha watu msibani. Nimewahi kumwigiza mchungaji anavyopiga chafya katikati ya mahubiri, kumbe mchungaji mwenyewe yuko nyuma yangu!

Wasomaji wenzangu, kwetu sasa hivi hakuna anayecheka. Na aliyekizima kicheko hicho ni mimi.

Nina mdogo wangu mmoja tu, anaitwa Nakundwa. Mambo haya yalipoanza alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu. Mwembamba, magoti makubwa, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota. Huyo mtoto alikuwa anapenda kukimbia jamani! Akitumwa chumvi anakimbia. Akienda chooni anakimbia. Tukiwa shambani tunachimba tangawizi, yeye anaruka matuta kutoka juu mpaka chini huku anaimba, halafu anapanda tena kwa sababu tu kushuka kumemfurahisha.

Siku moja shuleni kwao wakashindanishwa mbio. Nakundwa, peku, akawaacha mpaka wasichana wa darasa la sita. Watu walishangilia, baba akambeba mabegani. Na mimi hapo hapo nikajipa cheo... Kocha!

Mimi, ambaye nikikimbia mita mia moja natafuta pa kufia!

Nikachukua kofia ya zamani ya baba, nikatafuta filimbi, nikaanza kumrekodi kwa simu ya baba na kurusha mtandaoni. Nilijiita Kocha Mkali, yeye nikamwita Risasi ya Mamba. Yeye anakimbia, mimi natangaza kama wale wa redioni, naweka na vituko vyangu. Watu wakapenda! Nilishuka Hedaru siku moja na baba, muuza machungwa akanitazama akasema, "We si ndiye Kocha Mkali?" Nilirudi nyumbani kichwa hakipiti mlangoni.

Tatizo la kupendwa na watu ni kwamba kesho wanataka tena. Kwa hiyo kesho Nakundwa alikimbia tena. Na keshokutwa. Na kila siku.

Alfajiri kabla ya shule, kushuka mpaka mtoni na kupanda. Jioni akitoka shule, kushuka na kupanda. Jumamosi mara tatu. Jumapili tukitoka kanisani anavua gauni, anavaa bukta. Baadaye nikaona picha hazina msisimko, nikamfunga mgongoni kiroba kidogo cha tangawizi ashuke nacho mbio, kwenye njia ile ile ambayo bodaboda wenyewe wanashuka wamekanyaga breki mpaka miguu inatetemeka! Mtoto wa miaka tisa. Niambieni, nilikuwa na akili?

Lakini ujanja wangu mkubwa ulikuwa wa pembe.

Sisi Wapare tuna msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda wote kutengeneza barabara au kuchimba mfereji. Hakuna cha nimechoka, hakuna cha mgongo. Asiyetokea anatozwa faini, na mbaya zaidi anasemwa, na watoto wake wanasemwa. Tumekua tukijua hivyo. Basi mimi nilikuwa na tarumbeta la plastiki la kushangilia mpira. Kila alfajiri nalipuliza dirishani kwa Nakundwa. "Msaragambo! Msaragambo! Wavivu tunawaandika majina!"

Mwanzoni alikuwa anatoka anacheka. Baadaye akawa anatoka tu.

Sikukosa watu wa kunionya. Mwalimu wao wa michezo alinisimamisha njiani akaniambia huyu bado mtoto, siku mbili tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine aruke kamba, acheze rede, apumzike, mifupa yake bado inakua. Nikamwitikia vizuri, "Shikamoo mwalimu, nimekuelewa mwalimu." Alipogeuka nikaliigiza tumbo lake, wenzangu wakaanguka kwa kicheko.

Mama naye alisema mtoto anakonda, anasinzia kwenye sahani. Akanipa sharti moja. "Siku atakayosema anaumwa, hiyo michezo yenu inakwisha. Umenisikia?"

Nilimsikia. Kwa hiyo Nakundwa aliponifuata siku moja nyuma ya banda la mbuzi, akaniambia mguu wa kulia unamuuma chini kidogo ya goti, nilikumbuka sharti la mama kabla sijauangalia mguu wenyewe. Mashindano ya wilaya, ambayo alikuwa amechaguliwa kukimbia, yalikuwa yamebaki majuma matatu. Nikamwambia nitamwambia mama.

Sikumwambia!

Nilichofanya ni kuiba dawa ya koko, yaani bibi yetu. Kwetu Mamba tangawizi ni chai, ni mboga, ni shamba, ni daktari. Koko huiponda mbichi, anaipasha moto, anajifunga gotini kwa kitambaa, na goti lake lililozeeka linapata nafuu. Nikafikiri kama inamsaidia mtu wa miaka themanini, mtoto itamshinda? Nikawa namfunga Nakundwa kila asubuhi kabla ya mbio. Ile ngozi inawaka moto mpaka mtoto hajui tena kinachouma ni nini, anakimbia. Jioni nikiifungua naona pamevimba. Nikajiambia ni tangawizi tu imeunguza kidogo...

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ningetamani kuiruka.

Asubuhi moja nilipuliza tarumbeta, hakutoka. Nikaingia na simu, inarekodi. Alikuwa amekaa kitandani ameushika mguu kwa mikono miwili. Akaniambia, na machozi yanamtoka, "Kaka naomba leo nisikimbie. Unauma kwa ndani. Hata nikilala unauma. Naomba leo tu kaka."

Nikampeleka mtoni kukimbia vile vile.

Halafu mchana nikaichukua ile rekodi. Kila alipomaliza sentensi, mimi nikaweka mlio wa mbuzi. "Naomba leo nisikimbie," meee! "Unauma kwa ndani," meee! Juu yake nikaandika: Mkwepa msaragambo amekamatwa. Nikarusha.

Sijawahi kupata watu wengi kama siku ile. Walicheka Mamba, walicheka Same mjini, walicheka watu ambao hata hawajui Upareni kuko wapi. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini! Baba na mama hawakuiona, simu yenyewe ilikuwa inashinda mikononi mwangu.

Shuleni watoto wenzake wakaanza kumlilia kama mbuzi. Akiinua mkono darasani, meee. Akipita kisimani, meee. Siku ya pili aliporudi nyumbani nilimuuliza mguu vipi. Akasema, "Mzima."

Kuanzia hapo hakulalamika tena. Hata mara moja. Nikamsifu mbele ya baba kwamba sasa amekomaa. Baba akampa kichwa cha samaki, heshima ya mkubwa. Mama akamuuliza kama kuna mahali panamuuma, akatikisa kichwa huku anachambua mwiba.

Siku ya mashindano tuliteremka Same mjini. Ninyi mnaoishi kwenye baridi kama sisi mnajua ukishuka Same unavyopokewa na lile joto, kama mtu amekufungulia oveni usoni. Uwanja ulikuwa mkavu, mgumu kama saruji. Nilikuwa nimemfunga tangawizi ndani ya soksi ndefu ili mwalimu asione.

Filimbi ikalia, wakaondoka. Nakundwa alikuwa wa nne, akawa wa tatu. Mimi niko pembeni na simu natangaza kwa mbwembwe zote. Walipoingia kona ya mwisho alikuwa wa pili. Nikaona anakimbia vibaya, mguu wa kulia anaurusha pembeni kama si wake. Badala ya kunyamaza nikachomoa tarumbeta langu kwenye begi, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Alilisikia. Najua alilisikia kwa sababu aligeuza uso, akaongeza mbio.

Akapiga hatua tano, labda sita. Halafu mguu ukakunjika pale ambapo mguu haukunjiki.

Jamani... hakupiga kelele. Mtoto wa miaka tisa mguu umevunjika, amelala kwenye vumbi, ameuma mkono wake mwenyewe asitoe sauti! Mwalimu ndiye aliyefika wa kwanza. Alipovuta ile soksi, tangawizi ikamwagika mikononi mwake. Akaniangalia. Nikalirudisha tarumbeta kwenye begi, mimi mwenye mdomo.

Hospitali ya Same walimfunga ubao, wakatupa rufaa ya kwenda Moshi, na huko akafanyiwa upasuaji. Baada ya siku kadhaa daktari akatuita tukakaa. Alisema mfupa wa mtoto karibu na goti una sehemu laini, ndipo unaporefukia. Alisema ule ufa haukuanza uwanjani, ulikuwepo kwa majuma, kwa sababu ya kukimbizwa kila siku kwenye mteremko bila kupumzika, na kama angepumzishwa mapema ungepona wenyewe. Sasa ile sehemu ya kukulia imeumia. Mguu wa kushoto utaendelea kurefuka. Wa kulia unaweza usifuatane nao.

Akauliza, "Mtoto hakulalamika?"

Mama akajibu hapana, daktari, hakuwahi. Akaanza kulia, anajilaumu, anasema nilimuuliza, Mungu ni shahidi wangu nilimuuliza. Mimi nimekaa pale pale, magoti yangu yanagusana na ya mama. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikaangalia viatu vyangu.

Tuliporudi wodini, Nakundwa akaniangalia muda mrefu, halafu akageukia ukutani. Hakunisema. Alikuwa analinda kocha wake!

Aliyenisema ni simu. Kulikuwa na dada mmoja anamuuguza mwanawe kitanda cha jirani. Akamtazama Nakundwa, akamtazama tena, akamwambia mama kwa furaha kabisa, "Mama, huyu si yule mtoto wa mbuzi? Tulicheka jamani!" Akaifungua ile video kwenye simu yake, akampa.

Mama aliitazama mara ya kwanza, hakuelewa. Akaomba airudie. Mara ya pili akaweka sikio karibu na simu, anatafuta maneno ya mwanawe katikati ya milio ya mbuzi. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inayafuata maneno yale. Unauma kwa ndani... hata nikilala unauma...

Akarudisha simu kwa mwenyewe, akamshukuru. Akaniambia neno moja tu. "Alikuambia."

Afadhali angenipiga. Baba naye hakunipiga. Alisema hata yeye alimbeba mabegani, akamshangilia, wala hakuuliza anakimbia mara ngapi kwa siku. Basi. Tangu siku ile baba ananiongelesha mambo ya kazi tu, mbuzi wamekula, kuni zimeletwa.

Ile video nimeifuta. Lakini watu wameihifadhi, wanaendelea kurushiana. Wiki iliyopita imenifikia mwenyewe kutoka kwa mtu nisiyemjua, ameandika: cheka uongeze siku.

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umekonda kama fimbo. Sasa anatembea, anachechemea, bega moja limeshuka. Watoto wenzake wakikimbia mteremkoni yeye anakaa juu ya tuta anawashikia sweta zao. Nilimfuata hapo juzi, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa kila kitu, tarumbeta, tangawizi, mbuzi. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama.

Akafikiri. Akasema, "Nilikuambia wewe ukacheka. Nikajua basi siumwi sana."

Wasomaji wenzangu, sentensi hiyo naamka nayo.

Nawaomba, na hapa sitanii. Kama una mtoto nyumbani mwenye kipaji cha mbio, mpira, sarakasi, chochote, mwache kwanza acheze. Apewe siku za kupumzika, siku nzima, si saa. Akisema anaumwa, mbio ziishie hapo hapo, mwite mtu mzima, mpelekeni hospitali, msimfunge dawa ya bibi akakimbie. Na akinyamaza ghafla baada ya kulalamika, usimsifu kwamba amekomaa. Kaa naye umuulize nani amemnyamazisha. Na ninyi wenzangu wenye simu... mtoto analia na wewe unatafuta mlio wa kuweka? Mimi nilifanya hivyo, mnaona nilipo.

Mwezi ujao Nakundwa anarudi Moshi kupimwa, waone mguu wa kulia umeachwa kiasi gani. Kutoka nyumbani mpaka gari linapopita kuna mlima mkali, hawezi kuushuka. Nimemwambia nitambeba mgongoni njia nzima, polepole, hata kama tutatumia asubuhi yote.

Amesema asante kaka, lakini atabebwa na baba. Mimi nimepangiwa kubeba mfuko wa nguo.