Kahawia Chini ya Hadubini

Kioo cha kipimo kilikuwa kimebadilika tangu asubuhi. Fundi wa maabara alikuwa na hakika, maana kipande cha ubongo kilicholala juu ya kioo hicho, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kilitolewa kichwani mwa mdogo wake. Dawa ya kahawia hushika protini ya seli zinazogawanyika. Asubuhi ilishika seli chache: uvimbe wa daraja la pili, mtu huishi miaka. Sasa kahawia ilijaa nusu ya kioo. Hilo ni daraja la nne, na mtu wa daraja la nne huhesabu miezi.

"Seli iliyokufa haigawanyiki, mwanangu," alisema daktari wa vipimo, mzee waliyempachika jina la Lenzi. "Umechoka. Utaanza kuona majini humo. Rudia kupaka dawa, mimi nikanawe."

Akarudia. Mzee alipotoka tu, ukaja mkwaruzo, taratibu, kama ukucha juu ya kioo, ukitokea ndani ya hadubini. Ikaja na harufu ya udongo uliofukuliwa, na alipoinamisha jicho aliona seli zikisogea, zikijipanga, zikifungua njia katikati yao, na mwisho wa njia ile jicho jingine likimtazama, na sauti, ya mdogo wake kabisa, ikimwambia, Dada, sina ugomvi na kijana, nataka tu nyumba yenye joto, nipe nyingine nami nitahama kabla dawa haijakauka.

"Nenda popote," alinong'ona. "Mwache tu huyu."

"Kwa yeyote?"

Alifumba macho. "Kwa yeyote."

Kahawia ikafifia kama mvuke.

Mzee Lenzi aliporudi aliinama kwenye hadubini, akatazama kwa muda mrefu mno. Alipoinuka alikuwa akitabasamu.

"Daraja la pili, bila shaka. Mpigie mama yenu simu."

Fundi akaangua kilio. Mzee akampigapiga begani. "Machozi yako yaweke mbali na vioo vyangu. Haya, nipe hiyo... hiyo ya kusainia."

"Kalamu, Mzee?"

Aliipokea, akaigeuzageuza kama kitu ambacho hajapata kukiona. Akabonyeza kipaji cha uso wake, polepole, kwa kidole kimoja. Kisha akamtazama kwa upole, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya kijana.

"Asante, Dada."