Mfereji wa Nne

Mama alitafuna upande mmoja tu. Mkate akiutia mdomoni, aliusukuma kushoto kwa ulimi, taratibu, ili mtu asione. Lakini binti yake si kipofu.

"Mama, shavu limevimba."

"Nimelala vibaya."

"Kulala vibaya hakuleti joto hivi. Si lile gego alilokutibu mume wangu?"

Mama aliinamia cherehani, akajifanya anatunga uzi. Yeye ni fundi nguo, na mkwewe ni daktari wa meno. Mtaa mzima ulijua, maana mama mwenyewe alitangaza: mkwe wangu kanitibu, nimepona kabisa. Sasa angeanzia wapi?

"Nitamwambiaje mkwe kwamba kazi yake haikushika? Uso wangu nitauweka wapi? Kesho naenda kuling'oa kimyakimya, yaishe."

Kuona haya ni adabu, nakubali. Lakini haya ya kuficha usaha inaua. Binti hakubishana naye. Alimwita mumewe.

Daktari alimpeleka mama kliniki, akalipiga jino picha ya eksirei. Nchani pa mzizi palikuwa na kivuli cha usaha. "Mbona nilisafisha mifereji yote mitatu," alisema, sauti ndogo. Aliona aibu hata kumtazama mama mkwe. Akameza fahari yake, akampeleka kwa bingwa wa mizizi ya meno, mwanamke aliyesoma naye.

Bingwa alimchoma mama sindano ya ganzi, akavuta hadubini juu ya kiti, akalifungua jino.

"Mama, ndani ya mizizi kuna mifereji myembamba inayopitisha mishipa. Gego la juu kama hili mara nyingi lina minne, si mitatu. Wa nne hujificha, mdomo wake umefunikwa. Kwa macho matupu unaupita tu."

Akachukua kifaa chenye ncha nyembamba.

"Nikichimba ovyo nitatoboa jino. Hii inatetema kwa mawimbi ya sauti. Inakwangua kidogo kidogo, huku naangalia."

Ncha ililia kwa sauti nyembamba. Kisha bingwa akamgeukia mwenzake.

"Huu hapa. Njoo uone."

Daktari aliinamia hadubini. Aliona kitundu, kama kimetobolewa kwa sindano, kimejaa uchafu.

Mfereji ulisafishwa, ukatiwa dawa, baadaye ukajazwa na kuzibwa. Uvimbe uliisha, na jino likabaki. Mama sasa anatafuna pande zote.

Siku moja mezani alimwambia mkwewe, "Baba, nisamehe. Nilikuonea haya."

"Aibu ni yangu, mama."

"Sawa. Ila mimi nina binti wa kunisemea. Wale wengine wasiorudi kwako, wamepona, au nao wanakuonea haya?"

Daktari aliacha kula. Alitoka nje, akampigia simu fundi baiskeli mmoja aliyewahi kutibiwa naye gego la juu.

"Shikamoo mzee. Lile jino linaendeleaje?"

"Marahaba, daktari. Aa, lile liliniuma sana, nikaling'oa kwingine. Sikutaka kukusumbua, ulikuwa umeshajitahidi."

Daktari alishindwa kurudi mezani.

Siku hizi, kabla mgonjwa hajashuka kitini, humwambia: "Likiuma tena, rudi uniambie usoni. Nisipoona mimi, nitakupeleka kwa anayeona."

Wanarudi. Bado anaona aibu, lakini anawapeleka.