Ng'ombe Hutengwa, Ndugu Hukumbatiwa

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze habari ya nyumba moja iliyoamka kila siku kwa harufu ya maziwa ya moto. Mwenye nyumba ni mfugaji, sote tukimwita Mama Ndama. Alfajiri alikamua kama mtu ambaye bado yumo usingizini, ukungu ukiingia na kutoka bandani upendavyo, huku mjukuu wake wa miezi sita amelala fofofo mgongoni kwa mama yake, binti wa Mama Ndama.

Lakini bandani sheria ilikuwa sheria. Ng'ombe mgeni, hata awe mzuri vipi, alikaa peke yake kwenye banda la pembeni, na ndoo yake, mpaka daktari wa mifugo aridhike. Mlangoni palikuwa na karai la dawa, na asiyechovya viatu haingii. Mwenyekiti wa chama cha maziwa aliwahi kurudishwa pale na suti yake, wala hakuombwa radhi.

Mchana mmoja mtulivu, mdogo wake Mama Ndama akashuka kwenye basi na mwanawe. Hawakuwa wameonana tangu wamzike mama yao. Mama Ndama alikimbia kumpokea, mikono wazi, na mdogo wake akarudi nyuma.

"Dada, ngoja kwanza. Nimepigiwa simu nikiwa njiani. Watoto aliocheza nao huyu wameshikwa na surua. Muuguzi anasema tusimkaribie mtoto mchanga kwanza. Tulaze kwenye kile chumba cha uani, tutaongea dirishani."

Mama Ndama alicheka, kisha akanuna. Watu wangesema nini wakisikia amemlaza uani mtoto wa mama yake?

"Ng'ombe hutengwa, mdogo wangu. Ndugu hukumbatiwa."

Akamvuta ndani. Mnaona mambo hayo? Mwanamke yule yule wa karai la dawa!

Zikafuata siku tamu, za maji ya kuoga yenye moshi wa kuni na hadithi za utotoni zisizoisha. Watoto walilala mkeka mmoja. Yule mgeni mdogo alikuwa na mafua na macho mekundu, na alipenda kumbusu mwenzake. Binti yake Mama Ndama alinong'ona kwamba wawatenganishe, akaambiwa asiaibishe wageni. Mara vipele vikamtoka mgeni usoni. Akapona upesi. Muda si muda, mjukuu akawaka homa.

Hospitalini Mama Ndama alisinzia kando ya kitanda, akaota ng'ombe wake wanapita sebuleni mmoja mmoja, kimya, bila kukanyaga hata kikombe. Mtamba mmoja alifika alipolala mtoto, akasimama mbali, akimtazama bibi kama anayengoja ruhusa. Mama Ndama aliamka analia. Binti yake alikuwa akimfuta mtoto usaha uliotoka masikioni.

"Angekuwa ndama, mama, ungemlinda," alisema, bila hasira.

Mama Ndama alichukua kitambaa, akaendelea kumfuta mtoto yeye. Aliona haya, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Mtoto alipona, tukamshukuru Mungu. Asubuhi moja ameketi uani, anachezea majani makavu, bibi yake akiwa nyuma yake na ndoo ya bati. Ndoo ikamponyoka. Ng'ombe wote wakashtuka, kuku wakatawanyika. Mtoto aliendelea kuchezea majani. Mama Ndama akamwita. Akapiga makofi. Akamwita tena kwa sauti ya kupasua koo, na binti yake akatoka jikoni, akasimama. Surua ilimwachia mtoto uhai, ikaondoka na masikio yake.

FUNZO

Jamani, ugonjwa haujui kama mlango ni wa banda au wa sebule. Mnyama hutengwa bila kuulizwa. Mtu ana heshima yake: huelezwa, hupelekewa chakula, husemeshwa. Lakini kumtenga kwa muda si kumtupa. Yule mdogo mtu aliyeomba chumba cha uani ndiye aliyekuja na upendo, na aliyemkatalia alidhani upendo ni wake. Watoto na wachanjwe wakati wao ukifika, na wale ambao bado, ukuta wao ni sisi. Basi mgeni wako akisema, "Nikae kando kidogo," mtandikie vizuri, kisha keti nje ya dirisha lake mcheke mpaka jua lizame.