Mpini wa Mpingo

Magharibi ile nilikwenda kwa kaka yangu Bernardino, hapa hapa kijijini Mute, kuomba kaa la moto. Nilimkuta uani, anaipiga msasa bastola ya marehemu baba.

Baba alirudi nayo kutoka vita vya kumtoa Mreno. Akaificha darini, akakataza isifunguliwe. Hakusema kwa nini. Ila kwa vita hivi vya sasa, Bernardino alisema hawezi kulala mikono mitupu. Kutu alishaitoa. Mpini uliooza alishaubandua, aweke mpya wa mpingo, aliouchonga nakshi kwa mkono wake.

Chini ya ule wa zamani alikuta fundo la nywele, limeviringishwa kitambaa chekundu. Alilitupa motoni.

Harufu ya nywele... haikuisha. Ikageuka, ikawa ya udongo mbichi. Na ilikuwa kiangazi.

"Hodi."

Mwanamke alisimama nje ya ua, amejitanda nguo ya kapulana hadi usoni. Kuku waliokuwa wanaingia bandani wakasita.

"Mmefungua?" aliuliza, sauti ya chini.

Bernardino akamwuliza yeye ni nani.

"Baba yenu alinilaza humo. Sasa nitalala wapi?"

Nilitaka kumshika kaka mkono. Nikachelewa. Tumelelewa tusimwache mgeni nje, na mdomo wake ukamtangulia.

"Karibu, mama."

Pale nje pakawa patupu.

Nilikimbilia kwa mama yetu, nikamsimulia. Akasema vitani baba aliamriwa kumpiga risasi mwanamke aliyeshukiwa kuwapelekea Wareno habari. Baadaye ikajulikana si yeye. Baba hakupata usingizi mpaka mganga alipomfungia kitu ndani ya bastola. Jina la yule mwanamke mama hakulijua, au hakutaka kulitaja.

"Bernardino alimjibu nini?"

Nikamwambia.

Mama alijifunika mdomo.

Bastola tuliipeleka mjini Palma, tukaitosa baharini. Mganga tuliyemwita aligoma hata kukaa kitini. Aliyekaribishwa, alisema, hafungwi.

Kaka yuko hai, analima. Mkewe, Nélia, amehamia kwangu. Anasema hajaona kitu chochote. Ila kila usiku, kabla hajahama, mumewe, akiwa usingizini, alisogea mpaka ukutani, akaacha nafasi kati yao.

Na godoro, pale katikati...

lilibonyea.