Gauni Lililofungwa Kushoto

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo vya uji, nilipika gundi ya unga wa ngano, ya kugandishia pindo, kwenye chumba cha ushonaji cha Bibi. Tulikaa Suzhou, nchini China, kichochoroni kando ya mfereji, na Bibi alishona magauni ya kizamani kwa mkono. Gauni moja lilimchukua wiki tatu. Wateja walinung'unika, lakini walirudi.

Wiki ile alikuwa na gauni la jirani yetu, Bi. Pang, aliyekuwa atimize miaka themanini Jumapili. Bi. Pang hakutaka kitambaa kipya. Bibi alilifumua gauni lake la harusi, hariri nyekundu, ili alishone upya limtoshe. Hariri ya namna hiyo huipati tena popote.

"Suyun, piga bandi mikono tu, ile mishono ya kushikiza," Bibi aliniambia akienda zahanati kupimwa shinikizo la damu. "Kipande cha mbele usikiguse mpaka nirudi."

"Sawa, Bibi."

Bandi nilimaliza upesi, nikajiona fundi. Nikachukua kipande cha mbele, nikakipitisha kwenye cherehani, ambayo Bibi hakuitumia kwa hariri, dakika kumi tu kimekwisha. Nilifurahi kweli.

Mara akaingia rafiki yangu Peiyu, amevaa blauzi aliyoagiza kwa simu juzi, kwapani imeshaachia mshono. Akaliinamia gauni, akafuata mshono wa kifuani kwa kidole.

"Hebu niambie, hili linafungwa upande gani?"

Nikatazama. Lilifungwa kushoto.

Sisi tulio hai tunafunga nguo kulia. Kushoto tunawafungia maiti. Hariri ile ilifanana pande zote mbili, nami kwa pupa yangu nilikigeuza kipande. Nilikuwa nimemshonea bibi wa watu nguo ya kuzikiwa.

Nikajaribu kufumua. Mishono ya cherehani ilibana, na nilipovuta uzi nikaona matundu madogo yamejipanga kwenye hariri. Nikaacha.

"Lifiche," Peiyu alininong'oneza. "Bibi yako mzee. Atadhani kaliweka mahali kasahau. Kesho Bi. Pang anunuliwe lingine dukani."

Nililisukumiza chini ya kapu la vipande, Peiyu akatoweka. Bibi aliporudi, akatafuta mezani, kabatini, kitandani. Akatafuta tena mezani.

"Nililiacha hapa," alisema polepole. "Au sikuliacha? Suyun, mama yangu alianza hivihivi, kusahau vitu." Akaketi, akavua miwani. "Labda niache kazi kabla sijapoteza mali za watu."

Hapo nilishindwa. Nililitoa gauni kapuni nikampa, nikalia mpaka kamasi.

Bibi hakunigombeza. Alilitazama kifuani, akaguna, akachukua sindano, akafumua mshono mmoja mmoja. Fundi wa zamani aliyeshona gauni lile aliacha kitambaa kipana ndani ya mishono, makusudi, lije lishonwe tena. Kwenye akiba hiyo Bibi alikata mkanda mwembamba, akafunika nao matundu yote. Mimi nilimshikia taa, nikamtungia uzi, na kila mara nilitazama saa. Chakula cha jioni kilipopoa mezani, gauni lilifungwa kulia.

Asubuhi akanikabidhi. "Peleka wewe. Na umwambie mwenyewe."

"Nimwambie yote, Bibi?"

"Gauni ni la nani?"

Nilimweleza Bi. Pang nikiwa nimetazama viatu vyangu. Akaupapasa ule mkanda kwa kidole.

"Lilifungwa kushoto kwa muda gani?"

"Kama saa sita, Bi. Pang."

"Basi jana nilikufa kwa saa sita bila habari," alisema. "Ndiyo maana nina njaa hivi. Niletee tambi zangu za siku ya kuzaliwa, na usizikate: tambi ndefu, maisha marefu."

Akalivaa, likamkaa vizuri, nami nikaenda kumletea tambi.

Nyumbani nilimuuliza Bibi kwa nini hakunichapa.

"Umeharibu kwa haraka, tumetengeneza kwa subira. Mshono ukikosea, mjukuu wangu, nina sindano ya kuufumua," alisema. "Lakini jana uliniacha niamini kwamba akili yangu imeniacha. Ungenyamaza, hilo ningelifumua na nini?"