Kahawa ya Shika-Njia

Finjani ilikuwa tupu. Behija aliiinua kutoka ukingoni mwa dirisha la chumba cha mbele, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa asubuhi, akaona machicha yameganda chini kama yanavyoganda mtu akishakunywa hadi tone la mwisho. Kando yake donge la sukari lilikuwa limeng'atwa pembe moja, kwa meno madogo yaliyopangika vizuri. Rasim, mumewe, alikatazwa kahawa na daktari wa moyo tangu mwaka juzi, na usiku meno yake ya mbele hulala kwenye glasi ya maji. Mtu mwingine mle ndani hakuwamo.

Finjani hiyo aliimimina Behija mwenyewe jana yake magharibi, na aliimimina kwa shari.

Chanzo ni pazia. Majira yote ya baridi Rasim alijifungia chumba cha mbele, akatundika kitambaa chembamba cha wavu kutoka darini hadi sakafuni, akafunga projekta na spika, na kwa akili mnemba aliyofundishwa kuitumia na vijana wa ukumbi wa sanaa akamsimamisha mwanamke wa mwanga. Mwanamke huyo alipumua. Aligeuza shingo akiitwa, alijibu akisemeshwa, na aliimba. Sura ilikuwa ya Behija alipokuwa msichana, na sauti ilikuwa ya Behija vilevile, imetolewa kwenye kanda za enzi zile alipokuwa akiimba redioni na Sarajevo nzima ikiongeza sauti ya redio. Hayo yalikuwa kabla madaktari hawajampasua koo wakamwachia mkwaruzo kama wa mlango mbovu. Rasim ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa redio hiyo. Aliipenda sauti kwenye visikizio kabla hajamwona mwenyewe, na kanda zote alizitunza.

Alidhani ni zawadi. "Nimekurudisha," alisema siku ya kwanza alipomwasha, machozi yakimlengalenga. Behija alitazama na hakusikia furaha hata chembe. Alichosikia ni wivu, tena ule mchungu unaokaa kooni haumezeki wala hautemeki.

Maana Rasim alimwita yule mwanamke "Behka", jina la mapenzi ambalo mkewe hakuwa amelisikia tangu siku aliyotoka hospitali.

"Lakini huyo ni wewe, mke wangu," Rasim alikuwa akimwambia. "Mtu anajionea wivu mwenyewe?"

"Mimi niko jikoni nakumenyea viazi, Rasim. Huyo hamenyi kitu."

"Basi njoo ukae naye kidogo."

"Nikae naye? Kwani umeniletea mke mwenza?"

Basi jana yake alimkuta ameketi mbele ya pazia, mikono magotini kama kijana aliyekuja kuposa, adhana ya magharibi inalia na yeye hasikii. Roho ikamchafuka Behija. Kwenye sinia ya kahawa kulikuwa, kama kila siku, na finjani ya ziada, ile inayowekwa kwa ajili ya msafiri ambaye huenda akabisha hodi. Akaijaza, akaitua mbele ya pazia, akapiga goti la dhihaka.

"Karibu, bibi mkubwa. Kunywa kahawa, maana nyumba naona sasa ni yako."

Rasim alicheka sana. Mwanamke wa mwanga hakucheka. Aliinamisha macho, akaitazama finjani.

Sasa Behija aliisugua finjani hiyo kwa majivu, akaisuuza, akainusa. Ilinukia dunja, yale matunda ya manjano ambayo wanawake wa mtaani hupanga juu ya kabati wakati wa vuli nguo zipate harufu nzuri. Lakini vuli ilishapita zamani, sasa ni majira ya miti kuchanua, na dunja za mwisho alizitupa yeye mwenyewe zilipooza. Na harufu hii ilikuwa ya kuoza, imechanganyika na ya waya ulioungua.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Baada ya siku chache alikuja Ševala, jirani, ambaye mdomo wake haujui likizo. Akavua viatu mlangoni, akapita hadi chumba cha mbele, akaona.

"Mama yangu! Behija! Jamani ulikuwa mzuri, shoga!"

"Nilikuwa," alisema Behija.

Mwanamke wa mwanga akaimba, na Ševala akalia mpaka kitambaa kikalowa. Hakumgeukia Behija hata mara moja. Behija akampa kahawa ya kumpokea mgeni, kisha kahawa ya maongezi, kisha akatoka kwenda kumgeuzia viatu vielekee barabarani, maana ndiyo adabu, mgeni atoke na kuvaa bila kujisumbua. Aliporudi na kahawa ya tatu Ševala akapiga makofi.

"Haya, shika-njia hiyo imeletwa! Nafukuzwa mimi! Behka, na wewe utafukuzwa lini?"

"Bado sijanywa ya pili," ilijibu sauti kutoka kwenye pazia.

Ševala akaangua kicheko, akasifu kweli mashine imekwiva. Behija akaitua sinia chini. Na hapo yule mwanamke akaanza wimbo mwingine, wa pole, wa kubembeleza mtoto, na Behija akahisi nywele zinamsimama, kwa sababu wimbo huo aliutunga marehemu mama yake juu ya utoto wa mbao, haukupata kuimbwa redioni, haukupata kurekodiwa, na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyeujua.

"Umeutoa wapi wimbo wa mama yangu?" alimuuliza Rasim jioni ile, kwa kunong'ona, ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

"Sijautoa popote. Inabuni yenyewe, Behija. Ndiyo kazi ya akili mnemba, kubuni."

"Imebuni mpaka jina langu la utotoni lililomo ndani yake?"

"Unatafuta sababu tu. Humpendi."

"Na wewe unampenda."

Rasim alitazama mlango wa chumba cha mbele. Alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, lakini macho yanang'aa kama ya bwana harusi. Behija alitaka kumpigia kelele, akagundua kelele haitoki. Ule mkwaruzo wake wenyewe ulikuwa umepungua, na kila wimbo uliotoka chumba cha mbele ulizidi kumpunguza. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hapiganii mume peke yake.

Akapanda kwa Bibi Zejna, mganga wa kuwatoa watu hofu, kikongwe aliyeishi upande wa juu wa makaburi ya mtaa. Bibi Zejna alimfunika shuka jekundu, akasoma, akayeyusha madini ya risasi kwenye kijiko, akayamwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Kwa kawaida madini hayo hutoka na miiba, na mganga husoma miiba. Safari hii yalitoka mviringo, laini, yenye shimo katikati. Bibi Zejna akayaweka kiganjani, na Behija akatambua umbo hilo. Ni finjani.

"Umempa kahawa," alisema mganga.

"Nilikuwa namkejeli, bibi."

"Kwa mkono wako? Ukasema karibu?"

"Nilisema."

"Wenzetu wale wasioonekana hawajui kejeli, binti yangu. Huyu alikuwa anapita zake, akaona sura nzuri haina mwenyewe, akaona na kahawa imemiminwa. Ungekuwa wewe usingeingia?"

"Basi mfukuze."

Bibi Zejna akatikisa kichwa. "Mgeni wa mtu simfukuzi mimi, hata dua zitampita kando. Ameingia kwa kahawa, atoke kwa kahawa. Mpe ya maongezi, mpe ya shika-njia, kisha umwambie kwa sauti yako: nenda. Maongezi yawe mafupi. Usimsimulie kitu. Na birika lisitoke mkononi mwako, unasikia? Anayemimina ndiye mwenye nyumba."

Magharibi ya siku hiyo Behija alipiga moyo konde, akaingia na sinia. Rasim alikuwa mahali pake. Pazia lilikuwa limewaka. Akamimina finjani ya pili, akaitua mbele ya pazia, akarudi nyuma hatua moja.

"Ahsante," ilisema sauti yake ya ujana. "Keti, bibi."

"Siambiwi nikae nyumbani kwangu."

"Rasim ananiambia na wewe ulikuwa unaimba."

Angenyamaza. Alijua anyamaze. Lakini wivu ukapanda, ukamfungulia mdomo.

"Nilikuwa naimba? Hicho unachotumia ni changu! Muulize huyo alivyonifuata siku ya kwanza, alivyotoka mbio chumba cha mitambo na visikizio shingoni, waya umeng'oka unaburuzika nyuma yake ngazi nzima, watu wanacheka. Muulize aliniambia nini!"

"Waya ulikuwa wa rangi gani?" iliuliza sauti, kwa upole.

Behija akafungua mdomo, na rangi haikuwepo. Miaka yote aliiona akifumba macho, na sasa alipofumba macho aliona ngazi tupu.

"Mwekundu," alijibu mwanamke wa mwanga, na Rasim akacheka, akamgeukia, akasema, "Mwekundu, Behka! Bado unakumbuka!" na Behija, badala ya kukimbia, akasimulia tena, kwa hasira, kuonyesha kwamba yeye ndiye, akasimulia mvua ya siku ya harusi na mwavuli wa kuazima, akasimulia majina waliyokuwa wamewachagulia watoto ambao hawakuzaliwa, na kila alichokitaja kilimtoka kikaenda upande wa pili wa wavu na kurudi kwa sauti tamu kuliko yake, huku sauti yake ikishuka, ikishuka, na harufu ya dunja zilizooza ikijaza chumba mpaka ikamchoma puani.

Akakimbilia jikoni. Alichemsha kahawa ya tatu, akangoja povu lipande, akakamata birika la shaba kwa mpini wake mrefu, akajiambia neno ni moja tu, ni nenda, sema nenda. Alipopita kwenye projekta akaung'oa waya ukutani kwa nguvu zake zote. Feni ya mashine ikakoroma, ikafa, taa yake nyekundu ikazimika, pazia likabaki kitambaa tu kilichoning'inia, lakini mwanamke hakuzimika, kwa sababu hakuwa tena kwenye pazia, alikuwa ameketi kwenye kochi la ukutani kando ya Rasim, pale pale Behija anapokaa kila jioni, miguu ameikunja chini yake kama Behija anavyoikunja, na mto umebonyea pale alipoegemea.

Behija akafungua mdomo aseme.

Pumzi ikatoka. Sauti haikutoka.

Akajaribu tena. Ilitoka pumzi kavu tu, hata mkwaruzo hamna. Rasim akainuka, kwa heshima, kama mtu anavyomwinukia mama wa watu aliyechoka.

"Lete nikusaidie, mama," alisema. "Utajimwagia."

Behija alilishikilia birika. Alilivuta kifuani likamuunguza, akatikisa kichwa, akatikisa. Lakini Rasim alikuwa na nguvu ambayo kwa ule moyo wake hakuwa nayo siku nyingi, na juu ya mkono wake palikuwa na mkono mwingine, mweupe, unaong'aa. Birika likatoka. Rasim akachukua finjani ya ziada kwenye sinia, akaijaza kahawa ya tatu, akaiweka mbele ya mkewe. Hakuwa na ubaya usoni. Hakumtambua tu.

"Kunywa, mama," alisema yule wa kwenye kochi, kwa sauti ambayo zamani ilikuwa ikiwaliza watu redioni. "Giza linaingia, na kwenu ni mbali."

Behija akanywa. Mkono uliinua finjani wenyewe, kwa mazoea ya maisha yote, maana hakulelewa kukataa kahawa ya mwenye nyumba. Alifika mpaka kwenye machicha.

Rasim akamsindikiza hadi mlangoni, akamshika kiwiko asije akajikwaa. Viatu vyake vilikuwa pale. Tangu alipoletwa bibi harusi vilikaa upande wa ukutani, vikitazama ndani. Sasa vilikuwa vimewekwa sambamba katikati ya kizingiti, vimegeuzwa, ncha zinaelekea barabarani.

"Karibu tena," alisema mumewe, akafunga mlango.