Neno la Mishumaa

Jumapili ya tarehe nane Desemba, ya pili ya Majilio, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo ya Asukile Mwambapa yalipoharibika.

Mchungaji alikuwa anasoma matangazo ya ndoa kwa mara ya pili.

"Asukile Mwambapa, mgane, wa ushirika huu, anatarajia kufunga ndoa na Tupokigwe Kalinga, wa ushirika huu, siku ya pili ya Krismasi. Mwenye pingamizi..."

Kwenye mabenchi ya wanawake mtu akasimama.

Alikuwa Bibi Sekela, mama mkwe wa Asukile, aliyemzaa mkewe marehemu, Bupe. Tangu amzike binti yake miaka mitatu iliyopita, mama huyu hakuwa amefungua mdomo kanisani ila kwa kuimba.

"Nina neno," akasema.

Ikabaki mvua ya Rungwe juu ya bati.

"Liseme, mama," mchungaji akamwambia.

"Silisemi leo. Nitalisema kwenye mishumaa."

Akaketi. Mchungaji akakunja karatasi yake. "Basi matangazo ya tatu yatasomwa jioni hiyo hiyo, baada ya neno la mama."

Asukile alikuwa nyuma na wapiga tarumbeta wenzake, amekumbatia tarumbeta lake kubwa la besi. Hakuna asiyejua neno la mishumaa ni nini. Pale kwao, jioni ya kuamkia Krismasi, moto unapita kutoka mkono hadi mkono, na kabla hujampa mwenzako moto unamaliza naye ugomvi kwanza. Mwenye dukuduku husimama akalitoa mbele ya wote. Mwaka juzi mtu alisimama akaitaja nyumba iliyoezekwa kwa mabati ya kanisa, na mwenye nyumba hiyo hajakalia benchi la mbele mpaka leo.

Walipotoka nje, Gwandumi, mpiga tarumbeta mwenzake, akamvuta pembeni.

"Kaka, umemfanya nini mama mkwe?"

"Sijamfanya kitu."

"Mbona umelowa jasho? Baridi hii wenzako tunatoa moshi mdomoni kama treni, wewe unachuruzika!"

"Niache, Gwandumi."

"Nikuache? Mimi ndiye msimamizi wako wa ndoa! Nimeshaazima suti!"

Asukile hakucheka. Alijua anachokiogopa. Kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi, na alikuwa amekimeza miaka mitatu bila kushuka.

Jinsi Bupe alivyokufa ilijulikana kijiji kizima, maana Asukile mwenyewe aliisimulia mpaka watu wakachoka. Siku ile mheshimiwa mmoja alikuja kuzindua kisima, kisima ambacho hadi leo hakijatoa hata tone la kunawia uso. Tarumbeta za kanisa zikaamriwa zikampokee. Gari la wagonjwa la zahanati nalo likaamriwa lifuate msafara, mheshimiwa asije akajikwaa. Bupe akashikwa na uchungu, damu ikatoka, gari hakuna. Akafa yeye na mtoto.

"Viongozi wameniulia mke," Asukile alisema msibani. Hakuna aliyembishia, maana ilikuwa kweli.

Ila haikuwa kweli yote. Saa saba na dakika kumi mchana, simu ilitetemeka mfukoni mwake, ujumbe wa Bupe. *Baba, uchungu umeanza. Damu ni nyingi. Njoo na pikipiki.* Aliusoma ujumbe ule, akairudisha simu mfukoni. Msibani akaapa kwamba mtandao haukuwepo, hakupata kitu. Simu ya Bupe, imepasuka kioo, ikachukuliwa na Bibi Sekela pamoja na khanga zake.

Siku ya Jumanne Asukile akaenda sokoni Kiwira, kwa Tupokigwe. Tupokigwe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Gauni lake la harusi lilikuwa mezani.

"Asukile, Bibi Sekela ana neno gani na wewe?"

"Yule mama ni uchungu tu unamsumbua."

"Uchungu gani wa miaka mitatu unaosubiri mishumaa? Wazee hawasimami bure."

"Mzee Kajuni na baraza lake la kanisa ndio wamemchochea. Wananichukia kwa sababu nasema ukweli."

Tupokigwe akasimamisha cherehani.

"Wewe kila kitu baraza, mwenyekiti, mheshimiwa. Hata ugali ukiungua ni serikali. Mimi sijauliza habari zao. Nimekuuliza wewe."

Asukile akageukia mlangoni.

"Hakuna kitu, Tupo."

Tupokigwe akaliinua gauni. Lilikuwa na mkono mmoja.

"Unaona? Mkono wa pili sitaushona mpaka uniambie. Sitaki habari za mume wangu nizisikie kanisani kama tangazo la mbuzi aliyepotea."

Ulimi ulimwasha Asukile. Nusura aseme. Akaona mikono ya Tupokigwe juu ya kitambaa cheupe, akawaza ikilikunja gauni na kulifungia kabatini moja kwa moja, akaaga.

Siku zikaanza kumkimbia. Usingizi ukamhama. Akienda mazoezi ya tarumbeta midomo inakauka, besi linatoa mlio wa ng'ombe mgonjwa. Tarehe ishirini akajikaza, akampigia simu Bibi Sekela.

"Mama, ni mimi Asukile."

"Ugonile, mkwe wangu."

"Ndaga, mama. Mama, lile neno... tusingelimaliza nyumbani, mimi na wewe?"

"Bado siku."

"Mama, kama nimekukosea..."

"Ukisema leo kwenye simu, Krismasi tutasema nini? Njoo na mshumaa wako." Kabla hajakata, akaongeza: "Halafu nilikuwa sijakuambia. Simu ya Bupe nimeipeleka kwa fundi. Inawaka."

Asukile akakaa chini pale pale shambani, katikati ya viazi, suruali ikalowa tope asijue.

Tarehe ishirini na tatu Tupokigwe akaandika: *Kesho mishumaa. Mkono bado.*

Asukile akaandika ukweli, akaufuta. Akaandika tena, akaufuta. Mwisho akatuma: *Shona tu mpenzi. Hakuna kitu.*

Jibu likaja: *Haya.*

Neno lenyewe fupi, lakini ukilipima kwenye mizani halibebeki.

Siku ya siku ikafika. Saa moja jioni kanisa limejaa mpaka mlangoni, watu wamerudi kutoka Mbeya, wamerudi kutoka Dar. Umeme ukakatika, kama kawaida ya wakubwa kutukumbuka sikukuu. Ile nyota kubwa ya karatasi juu ya madhabahu ikabaki gizani. Chai na maandazi vikapita benchi kwa benchi, karamu ya upendo. Asukile akauma andazi moja, likamgandia kooni.

"Meza, kaka," Gwandumi akanong'ona. "Huwezi kufa kabla sijavaa suti."

Mishumaa ikagawiwa, kila mmoja umevikwa karatasi nyekundu kiunoni. Mchungaji akawasha wa kwanza. Moto ukaanza kushuka, huku wanaume, kule wanawake, nyuso zikijitokeza moja moja kutoka gizani.

Uso wa Bibi Sekela ukatokea. Akasimama.

Hakusemea pale alipokuwa. Alitoka kwenye benchi, akavuka njia ya katikati, akaja upande wa wanaume. Mkono wa kulia mshumaa unawaka. Mkono wa kushoto simu ya Bupe, kioo kinang'aa.

"Kyala wangu, Mungu wangu," mtu akanong'ona.

Akasimama mbele ya Asukile.

"Mkwe wangu. Leo nimekuja na mwanangu Bupe, maana yeye..."

"Ilifika!" Sauti ya Asukile ikapasua kanisa. "Basi, mama, inatosha! Meseji ilifika! Saa saba na dakika kumi, nikaisoma!"

Akageuka, akalikabili kanisa zima.

"Nilitaka kuondoka. Mzee Kajuni akanikazia macho, akasema hakuna kutoka mpaka mheshimiwa akate utepe. Nikaogopa. Nikapuliza tarumbeta mpaka saa kumi. Nilimwogopa mtu mwenye kitambi kuliko nilivyomwogopea mke wangu. Nikakudanganya, mama. Nikawadanganya wote."

Mzee Kajuni, benchi la mbele, akaanza kuvitazama viatu vyake.

Bibi Sekela alikuwa amesimama vile vile.

"Meseji gani, mwanangu?"

"Hiyo... hiyo iliyo kwenye simu."

"Mimi sijui kusoma, Asukile. Unajua sijui kusoma."

Akakigeuza kioo. Ilikuwa picha. Bupe, kitambaa kichwani, anacheka meno yote nje, amelikumbatia lile besi la mumewe kama mtoto.

"Niliitengenezesha kwa ajili ya hii. Neno langu lilikuwa uwashe mshumaa wako kwa moto wangu, umpelekee Tupokigwe, awe binti yangu badala ya aliyeondoka. Nilitaka na Bupe awepo. Ndilo neno langu. Sikuwa na lingine."

Asukile akafunika uso.

Kutoka upande wa wanawake sauti ikaja, ndogo, imenyooka kama uzi.

"Asukile."

Tupokigwe alikuwa amesimama. Mshumaa wake haujawashwa.

"Jana uliniandikia hakuna kitu."

"Tupo, naomba..."

"Nikaushona mkono. Nimeushona mpaka alfajiri."

Hakulia. Hakutoka nje pia. Alisimama tu, kidole kinaviringisha karatasi nyekundu ya mshumaa wake.

Bibi Sekela alitazama picha, akamtazama Asukile. Mkono wenye moto ulikuwa umenyooka nusu, pale pale ulipokuwa kabla ya yale maneno. Hakuusogeza mbele. Hakuurudisha. Nta ikamdondokea kidoleni, asishtuke.

Mchungaji alikuwa na karatasi mkononi. Aliitazama muda mrefu kama anayetafuta mtu mwingine wa kumpa aisome. Hakumpata.

"Haya ni matangazo ya tatu," akasema, "na ya mwisho. Asukile Mwambapa. Na Tupokigwe Kalinga."

Tupokigwe akamtazama Bibi Sekela. Bibi Sekela akamtazama Tupokigwe.

"Je, kuna mwenye pingamizi?"